Msomi na Sare ya Jeshi: Historia Fupi kwa Vijana wa Ngara na Biharamulo



Tulipokutana shuleni mwaka jana kupanda miti na kukagua paa la bwalo, mzee mmoja wa madarasa yaliyotutangulia aliuliza swali ambalo halikupata jibu. Alitaka kujua ni wangapi miongoni mwetu, tangu shule ianze, waliopata kuwa maofisa wa jeshi. Tukahesabu walimu, mapadri, wachungaji, waganga, mabwana shamba na makarani mpaka tukachoka. Maofisa wa jeshi hawakufika vidole vya mkono mmoja. Watu wakacheka, na tukaendelea na miti.

Mimi sikucheka sana, kwa kuwa nyumbani nilikuwa nimeacha swali la namna hiyo hiyo. Mwanangu wa kwanza alimaliza kidato cha sita mwaka 2024, akaenda JKT katika kambi ya Bulombora, mkoani Kigoma, na aliporudi alinieleza kwa adabu kwamba hana haja ya kwenda Mlimani nilikosoma mimi. Anataka kwenda Monduli, akasomee shahada huku akifundishwa uafisa. Mama yake hataki hata kulisikia jambo hilo. Baba yangu mdogo, ambaye ndiye mkubwa wa ukoo sasa, amesema atatoa neno lake baada ya kusikia langu. Basi nimeachiwa mzigo.

Mwalimu wetu wa historia alituzoesha kwamba mtu asitoe rai juu ya jambo kabla hajatazama lilikotoka. Nimefanya hivyo, na Mhariri amekubali niyaweke hapa niliyoyaona, kwa sababu nadhani si nyumba yangu peke yake yenye swali hili. Suala lenyewe ni hili: katika nchi yetu, mtu aliyesoma sana na mtu aliyeshika bunduki wamekuwa na uhusiano gani? Na je, mtu mmoja aweza kuwa wote wawili kwa wakati mmoja?

Cheo cha afande

Kila mwanafunzi wa Biharamulo amepata kuliona boma la Wajerumani. Mwezi Juni 1916 boma lile lilitekwa na jeshi la Wabelgiji lililovuka kutoka Rwanda. Katika vita ile Waafrika walikuwa pande zote mbili, wakipigana na kubeba mizigo, lakini maofisa walikuwa Wazungu. Katika jeshi la Wajerumani Mwafrika aliweza kupanda akawa ombasha, kisha shaush, na wachache sana walifika cheo cha effendi, neno la Kituruki lililokuja na askari kutoka Misri na Sudan. Ndilo tulilogeuza likawa "afande". Hata huyo effendi aliamriwa na Mzungu mdogo wa cheo na wa umri. Waingereza nao walipochukua nchi waliendelea na desturi hiyo katika King's African Rifles. Askari mzuri kwao alikuwa mtu mwenye nguvu, mtiifu, na asiyesoma mno.

Kwa hiyo Tanganyika ilipopata uhuru tarehe 9 Desemba 1961 ilikuwa na jeshi lenye maofisa wachache sana wa Kiafrika. Mmoja wao alikuwa Mirisho Sarakikya, aliyefunzwa katika chuo cha Sandhurst, Uingereza. Askari wa kawaida walisubiri kuona uhuru ukiingia kambini, wasiuone. Tarehe 20 Januari 1964 askari wa kambi ya Colito, ambayo leo ni Lugalo, waliasi, wakidai mishahara na kuondolewa kwa maofisa wa Kiingereza. Maasi yakafika Tabora. Serikali ililazimika kuomba msaada wa askari wa Uingereza, waliofika tarehe 25 Januari na kuwanyang'anya waasi silaha. Hapana shaka ilikuwa aibu kubwa kwa taifa la miaka miwili.

Jeshi lile lilivunjwa. Tarehe 1 Septemba 1964 likaanzishwa Jeshi la Wananchi wa Tanzania, na Sarakikya akawa Mkuu wa Majeshi wa kwanza. Vijana wa jeshi jipya walitafutwa katika Umoja wa Vijana wa TANU na katika Jeshi la Kujenga Taifa, lililokuwa limeanzishwa tarehe 10 Julai 1963. Tangu hapo msimamo ukawa kwamba askari ni raia na mwanachama, si mtu wa tabaka lake peke yake. Jambo hili nalitilia mkazo, maana ndilo linaloeleza kwa nini sisi hatukufuata njia ya wenzetu.

Wenzetu walikuwa na njia yao. Uingereza tangu mwaka 1908 ina vikosi vya kufunzia maofisa ndani ya vyuo vikuu, na Marekani iliweka utaratibu kama huo kwa sheria ya mwaka 1916. Mwanafunzi hubaki katika chuo cha kawaida, akasoma sheria au uhandisi, na kwa saa kadhaa za juma huvaa sare akafanya kwata na kujifunza uongozi wa kijeshi. Huko Marekani, siku anapopata shahada hupata pia kamisheni. Serikali yetu haikuweka mpango wa namna hiyo Mlimani. Kwa maoni yangu, nchi iliyokuwa imetoka katika maasi ya 1964 haikutaka kuona wasomi, ambao tayari walikuwa wachache na wenye kujiona, wanapewa na nyota za mabegani juu ya majoho yao. Iliwataka kwanza waguse jembe.

Oktoba 1966

Chuo Kikuu kilianza Oktoba 1961 katika jengo la TANU mtaa wa Lumumba, Dar es Salaam, kikiwa na wanafunzi wa sheria wasiozidi darasa dogo. Mwaka 1964 kikahamia Mlimani. Mwaka 1966 serikali ilitangaza kwamba wahitimu wa vidato vya juu, vyuo na Chuo Kikuu watalazimika kutumikia taifa kwa miaka miwili. Miezi mitano wangekaa kambini. Miezi iliyobaki wangefanya kazi zao za kawaida wakilipwa asilimia 40 ya mshahara.

Wanafunzi hawakukubali. Tarehe 22 Oktoba 1966 waliandamana mpaka Ikulu wakiwa wamevaa majoho yao, na baadhi ya mabango yakasema kwamba afadhali ukoloni. Mwalimu Nyerere aliwapokea, akawasikiliza, kisha akakasirika kwa namna ambayo watu waliiongelea miaka mingi baadaye. Alisema mishahara ya viongozi ni mikubwa kweli, akatangaza kupunguza wa kwake kwa asilimia 20. Halafu akawafukuza chuo. Zaidi ya wanafunzi 300 walirudishwa makwao. Miongoni mwao alikuwamo Samuel Sitta, ambaye baadaye alikuwa Spika wa Bunge kuanzia 2005 hadi 2010. Wengi walirudishwa masomoni mwaka uliofuata, baada ya Azimio la Arusha la Februari 1967 kuwa limekwisha kutangazwa.

Nilipokuwa mwanafunzi hapo Mlimani, tulizoea kulisimulia jambo hili kama kisa cha vijana wenye kiburi na mzee mwenye hekima. Siku hizi nalitazama kwa uangalifu zaidi. Wanafunzi wale walikuwa na hoja moja nzuri: kijana aliyesomeshwa na ukoo mzima, kwa mbuzi na kahawa ya wajomba, alitazamiwa asomeshe wadogo zake kwa mshahara wa kwanza. Asilimia 60 iliyokatwa haikutoka kwake peke yake. Serikali nayo ilikuwa na hoja yake, kwamba aliyemsomesha kwa sehemu kubwa ni mkulima ambaye mtoto wake hakupata nafasi. Katika Ngara ya wakati ule, yenye shule chache mno, nafasi ya kijana mmoja Chuo Kikuu ililipiwa na vijiji vingi vilivyokaa gizani.

Lakini tazama jambo ambalo lilikuwa halibishaniwi sana siku ile, yaani bunduki. Ugomvi ulikuwa juu ya mshahara na heshima. Miaka kumi na miwili baadaye vita ilikuja kweli, na ilikuja katika mkoa wetu.

Waliojitafutia wenyewe

Kabla ya kufika huko ni lazima niwataje wanafunzi waliofuata mafunzo ya kijeshi bila kulazimishwa na mtu. Mwaka 1967 aliingia Mlimani kijana kutoka Ankole, Uganda, aitwaye Yoweri Museveni, akasoma sayansi ya siasa mpaka 1970. Yeye na wenzake waliunda umoja wa wanafunzi wa mapinduzi wa Afrika, uliojulikana kwa herufi za USARF. Wakati huo Frelimo walikuwa na ofisi zao Dar es Salaam na vita yao ng'ambo ya Ruvuma. Wakati wa masomo yake Museveni alikwenda na wanafunzi wenzake katika maeneo yaliyokombolewa ya Cabo Delgado, akapata mafunzo ya silaha kwa Frelimo, na insha yake ya mwisho chuoni ikahusu mawazo ya Frantz Fanon juu ya vita vya ukombozi. Katika kundi lile alipita pia John Garang wa Sudan, aliyefika Dar es Salaam kwa utafiti baada ya kusoma Marekani. Mwaka 1983 Garang akawa kiongozi wa SPLA, na mwaka 1986 Museveni akaingia Kampala na jeshi lake.

Habari hii inatuhusu sisi wa magharibi ya Ziwa kwa karibu. Tarehe 17 Septemba 1972 Waganda waliokuwa uhamishoni walivamia nchi yao wakitokea upande wetu, wakaelekea Masaka na Mbarara. Museveni alikuwa katika safari ya Mbarara. Walishindwa vibaya, na wengi wakafa. Nawaomba vijana wetu walitazame shambulio hilo pamoja na ushindi wa 1986, kwa maana wasomi wa siasa hupenda kusimulia la pili tu. Kusoma vitabu vya vita hakukuwafanya vijana wale kuwa maofisa. Walijifunza uafisa kwa makosa, na makosa ya vita hulipiwa na wale wanaoamriwa.

Mujibu wa sheria

Novemba 1974 kikao cha TANU kilichokaa Musoma kiliamua kwamba kijana asitoke kidato cha sita moja kwa moja kwenda Chuo Kikuu. Angekwenda kwanza JKT kwa mwaka mmoja, kisha afanye kazi kwa muda usiopungua miaka miwili, ndipo aombe nafasi akiwa na barua za kazini na za chama. Waliokwenda JKT kwa utaratibu huu waliitwa "mujibu wa sheria", na waliojiunga kwa hiari waliitwa "kujitolea". Mpaka leo watu wa umri ule wakikutana huulizana, kabla ya jina, "Wewe ulikuwa mujibu wa wapi?"

Baba yangu mdogo alikuwa mmoja wao. Mwaka 1976 aliondoka Ngara juu ya lori mpaka Biharamulo, akavuka Busisi kwa kivuko, akapanda garimoshi Mwanza, akashuka Ruvu akiwa na sanduku la mbao lililojaa vitabu. Siku ya kwanza afande aliuliza ni nani mwenye masomo ya fizikia, na walionyoosha mikono wakapewa kazi ya kuchimba choo. Alifundishwa kwata, kulenga shabaha, kulala lindo na kuimba mchakamchaka alfajiri. Anasema kilichomshinda zaidi ya vyote ni hanga. Kulia kwake alilala kijana wa darasa la saba kutoka Singida, kushoto kwake mtoto wa mkubwa fulani wa serikali. Wote watatu waliogopa sauti moja.

Alipomaliza alipewa kazi ya ualimu Biharamulo. Hapo ndipo alipokuwa majeshi ya Idi Amin yalipovuka mpaka mwishoni mwa Oktoba 1978, yakashika nchi yote mpaka mto Kagera, na Amin akatangaza kwamba sehemu hiyo ni ya Uganda. Tarehe 2 Novemba Mwalimu Nyerere alisema nchini kote kwamba uwezo wa kumpiga tunao, sababu ya kumpiga tunayo, na nia ya kumpiga tunayo. Watu wa Biharamulo hawakuhitaji redio iwaambie kuna vita. Barabara ya kwenda Bukoba kutoka kusini hupita mlangoni mwao, na waliona malori yakipanda na jeshi, na wakimbizi wakishuka na magodoro na kuku. Jeshi liliongezwa upesi kwa mgambo, polisi, magereza na vijana waliopitia JKT. Baba mdogo aliitwa akiwa na chaki mkononi.

Hapa nataka niseme alivyonisimulia, kwa sababu hajapata kuliandika. Kiongozi wa platuni yake hakuwa msomi. Alikuwa mtu aliyepanda kutoka kuruta, mwenye elimu ya darasa la saba, na alijua kuisoma ardhi kuliko baba mdogo alivyojua kusoma ramani, ingawa alikuwa na jiografia ya kidato cha sita. Usiku, palipokuwa na utulivu, baba mdogo aliwaandikia askari barua za nyumbani. Mchana, yule kiongozi alimfundisha mahali pa kuweka kichwa chake. Walifika hivyo mpaka ng'ambo ya Mutukula. Kampala ilianguka tarehe 11 Aprili 1979, na mkoa wetu, uliokuwa ukiitwa Ziwa Magharibi, mwaka huo huo ukapewa jina la Kagera.

Vita ilipokwisha aliambiwa kwamba mtu mwenye elimu yake angefaa kwenda kozi ya uafisa. Wakati huo njia ilikuwa wazi. Jakaya Kikwete, kwa mfano, alipata shahada ya uchumi Mlimani mwaka 1975, na mwaka 1976 akapitia mafunzo ya uafisa Monduli akawa luteni huku akiendelea na kazi za chama. Hali kadhalika palikuwa na wengine waliounganisha siasa, elimu na jeshi, maana chama kilikuwa ndani ya jeshi na jeshi ndani ya chama. Utaratibu huo ulikwisha mwaka 1992 ulipoingia mfumo wa vyama vingi, na Kikwete akaliacha jeshi akiwa luteni kanali. Baba mdogo aliifikiria kozi ile juma moja, akachagua Chuo Kikuu, akaingia mwaka 1980. Darasani alikuta wengine waliotoka vitani kama yeye. Anasema walikuwa wakimya kuliko wenzao, na hawakuwa wepesi wa kutaka migomo.

Katika wana wa Biharamulo waliopita njia hii ya mujibu yumo hata aliyekuwa Rais, hayati John Magufuli. Alisoma seminari ya Katoke, Biharamulo, na kwao Chato kulikuwa bado ndani ya wilaya yetu. Baada ya kufundisha kwa muda alikwenda JKT mwaka 1983, akapitia Makutupora na kambi nyingine, ndipo akaingia Mlimani mwaka 1985. Kwa hiyo hata mkemia wetu alishika jembe na bunduki kabla ya kushika shahada.

Mwaka 1994

Sasa nije kwenye kizazi changu. Mimi nilizaliwa mwaka 1978, mwaka wa vita. Mwaka 1994 nilikuwa kidato cha pili.

Mwishoni mwa Aprili mwaka ule, katika muda wa siku moja hivi, watu wapatao 250,000 walivuka daraja la Rusumo kuingia Ngara wakikimbia Rwanda. Miili ya waliouawa ilikuwa ikielea katika mto Kagera. Niliporudi nyumbani likizo nilikuta Benaco pamekuwa mji mkubwa kuliko wowote niliopata kuuona, wa mahema ya plastiki, na vilima vyenye miti niliyochungia mbuzi vimenyolewa vyote kwa ajili ya kuni. Ndani ya umati ule waliokuwa na hatia na wasio na hatia walipanga foleni moja ya maji. Mama yangu alifunga mlango kwa gogo kila jua likizama. Miaka iliyofuata silaha zilizagaa, na basi la kwenda Bukoba halikuthubutu kupita pori la Kasindaga bila polisi wenye bunduki ndani yake.

Mwaka huo huo wa 1994 serikali ilisitisha mafunzo ya lazima ya JKT kwa wasomi kwa sababu ya upungufu wa fedha. Sina lawama, kwani hazina ilikuwa tupu kweli. Lakini yafaa tuseme lilivyokuwa: sisi wa Ngara na Biharamulo wa kizazi hicho tulikua karibu na vita kuliko kaka zetu wengi, na tulikuwa mbali na mafunzo kuliko wote. Tulitoka kidato cha sita tukaenda chuo moja kwa moja, kama walivyotaka wale waandamanaji wa 1966. Niliingia Mlimani mwaka 2000. Sikupata kulala hanga moja na mtoto wa mkubwa, wala na kijana wa darasa la saba.

Mwaka wangu wa mwisho, 2003, niliona tangazo la kuwataka wahitimu wanaopenda kujiunga na jeshi. Nililinakili katika karatasi, nikaliweka ndani ya kitabu cha sheria za utumishi. Nilikuwa naogopa mambo mawili. La kwanza ni mama, aliyekuwa bado akifunga mlango kwa gogo. La pili ni kwamba mwenye shahada ataamriwa na asiyenayo. Siku za tangazo zikapita. Karatasi ile niliiona tena mwaka 2011 nilipokuwa nahamia nyumba ya serikali, na nikaona haya, kwa kuwa la mama lilikuwa kisingizio.

Njia ya leo

Mwezi Machi 2013 mafunzo ya JKT kwa wasomi yalirudishwa, na wabunge vijana wakawa miongoni mwa watu wa kwanza kuingia kambini. Tangu hapo vijana wanaomaliza kidato cha sita huitwa kwa miezi michache. Si mwaka mzima kama wa baba mdogo, na wala si wote wanaopata nafasi au kuripoti. Lakini mwanangu alikwenda, na alirudi akiwa anaamka kabla yangu.

Jambo jipya zaidi liko Monduli. Katika miaka ya karibuni Chuo cha Mafunzo ya Kijeshi kimekuwa kikitoa shahada ya sayansi ya kijeshi kwa kushirikiana na Chuo cha Uhasibu Arusha. Wahitimu wa shahada hiyo hutunukiwa kamisheni na Amiri Jeshi Mkuu pamoja na maofisa wengine, wakawa luteni usu. Yaani kijana husoma chuo kikuu na uafisa kwa pamoja. Hata hivyo tofauti na njia ya Marekani au Uingereza ni kubwa. Kule jeshi limekwenda chuoni, na hapa chuo kimekwenda kambini. Kadeti wa Monduli hatoki katika kwata akaenda kukaa bwenini na wanafunzi wa fasihi na udaktari. Atawajua wanajeshi wenzake vizuri sana. Raia atawajua kidogo.

Hili ndilo linalonipa shaka, na ndilo nililotaka wenzangu tulitafakari. Utaratibu wa mujibu, pamoja na ukali wake wote, haukukusudiwa kutengeneza maofisa. Ulikusudiwa kumlaza msomi karibu na watu waliomlipia karo. Kwa vile waliompeleka hawakumuuliza kama anapenda, hakuweza kuchagua nani alale kulia kwake. Nao ulikuwa na hasara zake: miaka ya ujana ilipotea, wazazi walisubiri msaada, na wengine walirudi na chuki tu. Leo deni la elimu tumeligeuza likawa la fedha. Tangu mwaka 2005 kuna Bodi ya Mikopo, na mhitimu hukatwa mshahara mpaka amalize. Akimaliza hadaiwi na mtu. Mwaka 1966 vijana waliandamana kwa sababu ya kukatwa mshahara, na sisi tunakatwa mshahara bila kuandamana, lakini hanga halimo katika mkataba.

Neno langu

Basi nimemjibu mwanangu hivi. Nimemwambia aombe, na kwamba kama nafasi itapatikana nitamsindikiza mwenyewe mpaka stendi. Sikumwambia kwamba ni kwa sababu ya karatasi yangu ya 2003, kwa maana mtoto asitumwe kulipa deni la baba. Nimemwambia kwamba wilaya zetu mbili zimekuwa njia ya majeshi na wakimbizi kwa zaidi ya miaka mia moja, na walioziamulia mambo yake ya vita kwa sehemu kubwa walikuwa watu wasiozijua. Si vibaya akiwapo ofisa anayejua Rusumo ni wapi bila kutazama ramani.

Mama yake bado hajakubali, na sitadai kwamba historia imemshawishi.

Baba mdogo alisikiliza yote hayo chini ya mwembe, mkongojo wake magotini. Hakuuliza habari za mshahara wala za cheo. Alimtazama kijana akamuuliza swali moja tu: je, utaweza kuamriwa na mtu uliyemzidi darasa, na ukamshukuru? Kijana alifikiri, akasema hajui bado. Mzee akasema jibu hilo linatosha kwa sasa.

Ndugu zangu, naomba jambo moja la kumaliza. Katika daftari la umoja wetu tumeandika nani amekuwa mkurugenzi na nani amekuwa daktari. Hatujaandika nani alikuwa mujibu wa wapi, wala nani alivuka Mutukula. Wengi wa watu hao wamepita miaka 65 sasa. Yeyote aliyepitia kambi au vita, au aliye na mzee wa namna hiyo nyumbani, na aandike kurasa mbili kabla ya mkutano wetu ujao, ampe katibu. Asiyeweza kuandika anijulishe, nami nitakuja na kalamu. Kazi ya kuwaandikia askari barua imo tayari katika ukoo wetu.